Soda Niliyoiacha Gatumba

Wanaonijua wanajua kwamba mimi si mtu wa kukalishwa. Nikikaa ofisini wiki chache bila kutumwa mahali naanza kuhamisha meza, kupanga upya makabati ya wenzangu na kugombana na feni. Kwa hiyo siku mkuu wetu wa ofisi ya ardhi hapa Kigoma alipotangaza kwamba anatafutwa mtu wa kwenda Bujumbura kufundisha matumizi ya picha za setilaiti, wenzangu wote walinigeukia kabla hajamaliza kusema. Nadhani walitaka feni yao ipumzike.

Sababu yenyewe ilikuwa ziwa. Sote tuliliona Tanganyika likipanda na kula mialo yetu na vibanda vilivyokuwa kando yake. Kule Bujumbura lilikutana na mto Rusizi uliofurika, na watu wa Gatumba, kwenye njia ya kwenda mpaka wa Kongo, wakaamka asubuhi na maji chini ya vitanda. Ukazaliwa mradi wa nchi zinazolizunguka ziwa: Wazungu watoe picha za setilaiti na gharama za mafunzo, na sisi tuliokwisha kusomeshwa tuwasomeshe majirani. Kwa lugha ya miradi hilo huitwa kujengeana uwezo. Mimi uwezo wangu ulijengwa Ulaya, katika mji wenye baridi ya kukata masikio, ambako tulijifunza kuchora mafuriko ya mto mmoja unaopita katikati ya mashamba ya ngano. Msomaji ayakumbuke hayo mashamba ya ngano, maana yatatuponza mbele ya safari.

Jumapili asubuhi, Kigoma. Mama alinipa mfuko wa dagaa nimpelekee mdogo wake, mama mdogo Mwajuma, aliyeolewa Bujumbura kabla mimi sijazaliwa. Nilimwambia kwamba Bujumbura iko kwenye ziwa hilihili na dagaa ni walewale. Akanitazama kama mtu asiye na akili na kuniongezea mfuko wa pili. Dereva wa gari dogo nililokodi pamoja na wafanyabiashara wawili alitukawiza kwenye kituo cha mafuta, akijaza tangi mpaka likatapika. "Ng'ambo ile mafuta ni ya kuota," alisema. Mimi nilikuwa nimeshakaa ndani ya gari, mkanda nimefunga, goti langu likipiga ngoma. Mmoja wa wale wafanyabiashara akaniambia haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na tukawa marafiki kuanzia hapo.

Manyovu, mpakani. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa katika jengo moja, unagongewa muhuri wa kutoka dirisha hili na wa kuingia dirisha lile. Ofisa wa upande wa Burundi aliuliza nakwenda kufanya nini. Nikamwambia nakwenda kufundisha namna ya kutazama mafuriko kutoka angani.

"Angani?" akasema. "Mutu anayaona kutoka mulangoni kwake, weye unakwenda kuyatafuta kule juu?"

Nikacheka, akagonga muhuri. Sikujua kwamba ndani ya dakika moja alikuwa amenipa somo zima la wiki ile, bila cheti wala posho.

Kutoka hapo barabara inateremka milima ya Mabanda hadi Nyanza-Lac, na kuanzia Nyanza-Lac ziwa halikuachi tena, liko mkono wa kushoto muda wote. Michikichi ya Rumonge imesimama mistari kwa mistari, na mahali pengine mistari ile inaendelea kuingia ziwani, vichwa vya michikichi iliyokufa vikiwa juu ya maji. Kuna kona ambazo ziwa limeng'ata ukingo wa lami na magari yanapishana kwa kupeana zamu. Nilitaka kushuka kila kona nikatazame. Dereva alinikatalia kila kona.

Alasiri tuliingia Bujumbura. Kabla ya kuuona mji tuliona foleni ya magari yasiyo na madereva, yamejipanga kuelekea kituo cha mafuta kilichofungwa, na kando yake watu wengi wakitembea kwa miguu na viatu vyao vizuri vya kazini wamevishika mkononi. Dereva wetu alipapasa usukani wake kwa upendo.

Duka la mama mdogo liko mtaa wa Asiatique, kati ya muuza vipuri na fundi cherehani. Anauza vitenge, na nyumba yake iko nyuma ya duka hilohilo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba ya Ujiji, iliyobaki vilevile miaka yote hiyo. Mengine yote yalikuwa yamehamia Bujumbura: "ndiyo" imekuwa "njo", na "lakini" imekuwa "mais" ya Kifaransa.

"Karibu mwanangu. Mama yako iko salama?"

"Salama. Amekuletea dagaa."

"Dagaa?" Akashika kiuno. "Kwani huku anaona tunakaa jangwani? Ziwa si ile pale, nyuma ya bandari?" Kisha akanusa mfuko. "Mais lete, lete. Ya kwetu njo dagaa kabisa."

Akanikalisha, akaniletea chai na kitumbua, na kabla sijamaliza kikombe nilikuwa nimesimama mlangoni nauliza Kinanira, kwenye mafunzo, ni upande gani. Akaniambia kwa upole kwamba katika mji huu mgeni akiondoka na kikombe kikiwa nusu, mwenyeji anabaki akijiuliza amemkosea nini. Nilirudi nikanywa, ila kwa kusimama.

Jumatatu, Kinanira. Mafunzo yalikuwa katika ukumbi mdogo upande wa kusini wa mji, penye mlima, na dirishani unaona paa za mabati zikishuka mpaka ziwani. Washiriki walikuwa watumishi wa serikali kutoka idara mbalimbali, wenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri na kiu ya kweli ya kujifunza. Mratibu wa mradi, Mzungu mrefu mpole aitwaye Henrik, aligawa ratiba iliyohesabu hata muda wa kunywa maji. Kisha akasimama mkurugenzi wa kamati ya maafa, Bwana Cyriaque, mtu mnene wa sauti ya chini.

"Bon," alisema. "Hii carte, hii ramani tutachora, haiko ya kupamba ukuta. Mutaa yenye itakuwa bleu, rangi ya maji, watu wake watapata viwanja kule juu mbele ya mvua kubwa. Mutaa yenye haiko bleu, tutasema imekauka, watu watoke mu hema warudi kwao. Ijumaa kamati inakaa, inaamua. Donc muchore vizuri."

Akaongeza sharti moja. Siku za nyuma, orodha za waathirika zilipoandikwa, kila mtu aliandika shangazi na mjomba, mpaka wananchi wakapiga kelele. Safari hii hakuna mtu atakayechora kwao wala kusemea kwao. Anayetoka Gatumba achore Rumonge, anayetoka Rumonge achore Gatumba. Nilipopewa nafasi ya kusema niliusifu utaratibu huo kwa maneno mengi, nikasema kwetu Kigoma tungefaa kuuiga.

Ndipo tukajitambulisha mmoja mmoja. Mwanamke mmoja wa makamo aliyevaa miwani, mtumishi wa idara ya mazingira, alisema jina lake ni Goreth, kwao ni Gatumba, na mama yake bado anakaa kule kwa sababu amekataa kwenda kwenye mahema. "Anasema kuku zake hazijui kulala mu hema," alisema, na watu wakacheka. Yeye hakucheka sana. Akahamishwa meza ya Rumonge siku ileile. Gatumba akapewa Désiré, mtaalamu wa misitu kutoka milimani, kijana mchangamfu ambaye alituambia waziwazi kwamba ziwa anaogopa hata kuligusa kwa kidole.

Jumanne na Jumatano tulifanya kazi. Nitaeleza kwa kifupi, maana bila hili mengine hayataeleweka. Wakati wa mvua mawingu yanafunika mji, na setilaiti ya kawaida haioni kitu. Kwa hiyo tunatumia ya rada. Hiyo haihitaji jua. Inatuma mawimbi yake chini na kusikiliza yanayorudi. Yakianguka kwenye udongo au majani, mengine hurudi, na picha inakuwa ya kijivu. Yakianguka kwenye maji yaliyotulia huteleza yakaenda zake upande wa pili, hayarudi, na picha inakuwa nyeusi. Basi cheusi ni maji. Ndivyo nilivyofundishwa kwenye ngano ya Ulaya na ndivyo nilivyofundisha Kinanira. Désiré akaigeuza kuwa wimbo, "Noir, c'est l'eau," na ukumbi mzima ukaimba huku ukipiga meza.

Picha zenyewe zilikuwa nzito kuliko mtandao wa Kinanira. Zilishushwa Kiriri, katika nyumba ya mradi kule juu kwenye majumba ya wakubwa, kisha dereva akazileta ndani ya flash iliyofungwa kwenye leso kama hirizi. Umeme ulikatika, jenereta ikakosa mafuta, tukangoja. Kungoja ni adhabu yangu. Nilizunguka ule ukumbi mpaka Henrik akaniomba, kwa adabu, nikazungukie nje. Umeme uliporudi niliwaharakisha wote, nikiruka kutoka meza hadi meza, nikibonyeza vitufe vyao kabla wao hawajavibonyeza.

Jumatano alasiri ramani ya Gatumba ilikuwa tayari. Mto ulionekana wazi, mashamba ya mpunga yalikuwa bluu, ukingo wa ziwa bluu, na katikati mitaa ya nyumba ilikuwa safi, bila bluu hata tone. Tulipiga makofi. Henrik akaituma Kiriri ikachapwe kubwa, na nakala moja tukaibandika ukutani.

Goreth alisimama mbele ya ile nakala kwa muda mrefu. Nilipita mbio nikielekea kwenye chai, nikasimama kumpongeza. Ndiyo, nilimpongeza. "Madame Goreth, una bahati," nilimwambia. "Mtaa wa mama uko mkavu."

"Mm," alisema. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kesho baada ya formation hii unatufundisha uko na kazi?"

"Sina."

"Basi twende pamoja, umusalimie mama yangu. Nilimwambia niko na mwalimu wa Kigoma, anataka kukuona."

Mtu akiniambia twende, mimi husema ndiyo kabla sijauliza wapi. Nilisema ndiyo.

Alhamisi mchana tulipata teksi ya rafiki yake iliyokuwa na mafuta ya kwenda na kurudi, si zaidi. Njiani alisimamisha gari, akanunua chupa za soda na mkate, kwa kuwa huendi kumsalimia mzazi mikono mitupu. Tulipovuka daraja la Rusizi alinyoosha mkono kiti cha nyuma akanipa mabuti ya mpira.

"Ya nini?" nikauliza.

"Vaa tu, dada."

Teksi ilisimama penye lami, na kuanzia hapo tulitembea ndani ya maji. Hayakuwa maji ya kutisha, hayakuwa na kelele wala mkondo. Yalikuwa yamekaa tu, yenye rangi ya chai ya maziwa, yakifika katikati ya mguu, kutoka ukuta hadi ukuta, yakiingia mlango huu na kutokea ule. Watu waliishi humo. Mwanamke mmoja alikuwa anapika juu ya meza. Kuku walisimama juu ya ukuta uliobomoka nusu, na nikaelewa kwamba ndio wale waliokataa hema. Nilikuwa nimepaita mahali hapa pakavu. Nililitamka neno hilo nikiwa natabasamu, na kikombe cha chai kilikuwa kinanisubiri.

Goreth alitembea mbele, akinionyesha kwa kidole palipo na shimo.

Mama yake alikuwa amekaa barazani kwenye kiti kilichoinuliwa kwa matofali, mwanamke mwembamba aliyenyooka, na kitambaa cheupe kichwani. Alinishika mikono yote miwili.

"Amahoro, mwanangu. Karibu. Njo weye unafundisha watoto wangu kuangalia ku setilaiti?"

"Ndiyo, mama."

"Muzuri. Keti."

Nilikaa kwenye kiti cha pili, kilichoinuliwa vilevile. Goreth alimkabidhi mama chupa, na mama akachagua moja, akaileta mbele ya macho yangu na kuifungua hapohapo, nione mwenyewe kwamba ni mpya na haijaguswa, maana kule mgeni hapewi kinywaji kilichofunguliwa nyuma ya pazia. Akasubiri. Nikanywa funda moja. Akafurahi, akaanza kuniambia habari za marehemu mume wake aliyeijenga nyumba ile.

Jua la mchana lilikuwa limeshuka kidogo na lilipiga maji ya uani kwa upande. Kwenye ukuta mbele yangu kulikuwa na mwanga unaochezacheza, mweupe, mkali, ule mwanga ambao watoto hufanya kwa kioo. Niliutazama bila kufikiri. Kisha nikafikiri. Mwanga ule ulitoka angani, ukagonga maji, ukaruka ukagonga ukuta, na ukuta ukaurudisha usoni kwangu mpaka nikafumba jicho. Kwenye ngano hakuna kuta. Maji ya shambani hayana kitu cha kuyazuia mawimbi yasiende zake. Lakini maji yaliyo miguuni mwa ukuta huyatupa mawimbi kwenye ukuta, na ukuta huyatupa tena kulekule yalikotoka. Kwa hiyo setilaiti ilipopita juu ya mtaa huu haikuona weusi. Ilimulikwa usoni kama mimi. Picha yetu ilikuwa nyeupe hapa, nyeupe kuliko kawaida, na sisi tukaimba wimbo wetu na kusema pamekauka.

Kitu kama hicho nilikisoma darasani Ulaya, ukurasa mmoja wa haraka karibu na mwisho. Haukuwa na mtihani, basi nikaufunua nikapita.

Nilisimama. Nilimwambia mama samahani, kuna kazi nimeikumbuka, na nilikuwa nimeshaingia majini kabla ya kumaliza sentensi. Nyuma yangu nilimsikia akiuliza kwa mshangao, "Soda?" Sikugeuka. Goreth alinifikia nikiwa karibu na lami, amebeba mkoba wangu niliousahau.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni juu ya nani.

"Ningesema namna gani? Sharti inakataza. Nikisimama mu réunion, mbele ya kamati, niseme kwetu kuna maji, watasema Goreth anatafutia mama yake kiwanja. Na carte ingebaki ileile, mi ningebaki na jina mbaya." Alikunja mabuti yangu ndani ya mfuko wa plastiki, taratibu. "Mi nilikuleta kusalimia mama tu."

Ijumaa asubuhi, Kiriri. Nyumba ya mradi ina bustani na mbwa mvivu, na ukiwa pale unaona mji wote chini, hadi Rusizi inapoingia ziwani. Kutoka juu hivyo Gatumba inapendeza. Nilifika kabla mlinzi hajamaliza kufagia, pamoja na Désiré na wenzake wa meza ya Gatumba niliowapigia simu jioni. Goreth sikumwita. Sharti ni sharti, na sikutaka mtu aje kusema mkono wake ulikuwemo.

Henrik alitupokea na kikombe cha kahawa mkononi. Nilimweleza nikiwa nazunguka meza yake. Alisikiliza, akatazama ramani kubwa iliyokwisha kuchapwa na kupambwa na nembo zote, akashusha pumzi.

"Zaituni, kamati inakaa leo mchana," alisema. "Kama huna hakika na mbinu mpya, tutawavuruga."

"Na kama tuna hakika na mbinu mbovu?"

Hakujibu upesi. Namheshimu kwa hilo, maana mimi ningejibu upesi. Akasogeza kiti chake, akafungua mtandao wao wa Kiriri na kushusha picha za zamani, za kabla ziwa halijapanda. Mpango ulikuwa rahisi: tusiulize tena wapi peusi, tuulize wapi pamebadilika. Palipoingia weusi ni maji ya wazi. Palipokuwa na kuta na sasa pamezidi kung'aa, pana uwezekano maji yamekaa chini ya hizo kuta.

Désiré ndiye aliyetia breki. "Mais mutu akijenga, akiweka mabati mapya," alisema, "pale pia patang'aa. Tutapaka bleu nyumba ya tajiri?"

Alikuwa sahihi, nikamkumbatia, akashtuka. Tukakubaliana kutumia rangi mbili. Bluu kwa maji tunayoyaona, na machungwa kwa mahali ambapo picha inasema kuna jambo lakini lazima mtu aende kwa miguu akaone. Picha ya kwanza ilipotokea kwenye kioo, mitaa ya Gatumba ilijaa machungwa, mtaa baada ya mtaa, na katikati yake niliutambua ule wa kuku. Hakuna aliyeimba.

Mchana kamati ilikaa ukumbini Kinanira. Nilisimama mbele ya watu wazito nikawaambia kwamba ramani waliyoiona ukutani si sahihi, kwamba mwalimu ndiye aliyekosea kwa kuleta kanuni ya mashambani mjini, na kwamba hii ya pili inajua kusema sijui. Bwana Cyriaque aliitazama kwa muda uliozidi uvumilivu wangu. Kidole chake kilitembea mpaka kikasimama kwenye machungwa.

"Hapa," akasema, na kugeuka polepole. "Madame Goreth. Si kwenu hapa?"

Goreth alisimama, mikono ameifumbata.

"Njo kwetu, Chef."

"Wewe ulichora hapa?"

"Apana, Chef. Mi nilichora Rumonge."

"Nimechora mimi na Désiré," nilidakia. Akaninyamazisha kwa jicho, bila ukali.

"Jana nani alikuwa kule?"

"Nilimupeleka mwalimu kusalimia mama," alisema Goreth.

Bwana Cyriaque aliitazama tena ramani. Nilikuwa nimekamata ukingo wa meza ili nisianze kuzunguka. Niliona viwanja vya juu vikiingia mikononi mwa mama yule na kutoka tena, na sikuwa na la kufanya.

"Kusalimia mama sikukataza," alisema hatimaye. Watu wawili watatu wakatabasamu. "Bon. Kamati haitaamua kwa rangi ya machungwa. Lundi, siku ya Jumatatu, tunakwenda wote, na mabuti. Hakuna kurudisha watu kwao mpaka tumeona. Mutu hachori kwao, hiyo inabaki. Lakini njia, nani atatuonyesha njia? Huyu wa musitu?"

"Apana, Chef," alisema Désiré haraka. "Mi maji siwezi."

"Basi ni Madame Goreth."

Aliketi. Akavua miwani, na safari hii hakuifuta, aliishika tu mapajani.

Jumamosi nilirudi. Mama mdogo alinifungia kitenge cha mama na, kwa kulipa kisasi, mfuko wa dagaa wa Bujumbura. "Mwambie aonje, halafu aseme," aliniagiza. Alinisindikiza mpaka kwenye gari akaniambia kuna msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni mwenyewe lazima akae kidogo ili uponyaji ushike. Njia ilikuwa ileile, ziwa sasa mkono wa kulia, na vichwa vya michikichi vikiwa bado juu ya maji. Sikuomba kushuka kona yoyote. Nilikuwa nawaza Jumatatu ambayo sitakuwepo.

Hapa ofisini nimehamisha meza tena. Simu ya Goreth ilikawia, nikamtumia ujumbe, kisha mwingine, kisha nikajizuia. Katika siku hizo za kungoja nilijifunza jambo ambalo kozi haikunipa. Setilaiti inapita juu ya watu wote bila kumjua yeyote, na hilo ndilo linaloifanya isipendelee. Sharti la Bwana Cyriaque lilitaka sisi pia tuwe hivyo, na lilikuwa na sababu. Lakini ramani isiyopendelea bado inahitaji mtu mmoja anayejua mashimo ya njia, wa kutembea mbele na kuonyesha kwa kidole. Picha zinaweza kutoka Ulaya, na mwalimu anaweza kutoka Kigoma. Mtu huyo hatoki mbali.

Mvua za kwanza zilipoanza, sauti ikaingia kwenye simu yangu. Kwanza Goreth: wamehama, mtaa wote, wako kule juu, nyumba ni ya mabati matupu lakini miguu ni mikavu. Kisha nikasikia simu ikipokonywa, na jogoo akiwika karibu kabisa.

"Mwalimu wa Kigoma, ni mi, mama Goreth. Urakoze, asante, mwanangu, urakoze cane. Sasa sikia. Ile siku ulitoka mbio. Kwetu mutu hatoki hivyo, nililala nikijiuliza nilikukosea nini. Goreth amenieleza, nimeelewa. Mais ile soda yako sikumwaga. Niliifunika na kifuniko, nikahama nayo, iko ku meza hapa. Gesi imeisha yote. Uje, ukae, umalize."

Nimeshaomba ruhusa. Mkuu wangu aliuliza ni kazi gani tena inayonipeleka Bujumbura, nikamwambia hakuna kazi, nakwenda kukaa.